Colt kurudi kutengeneza rivolva: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Mimi ni fundi wa leith, kazi yangu ni vyuma toka asubuhi mpaka jioni. Bunduki sina na sina mpango wa kuwa nayo, ila mashine ndogo iliyotengenezwa kwa akili naipenda sana, na rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ni mashine ndogo haswa. Sasa kuna huu ubishi wa kwamba Colt, kampuni ya silaha ya Marekani ya tangu enzi za Samuel Colt aliyeianzisha, walikosea au walipatia kurudi kwenye rivolva baada ya kuziacha, na watu wengi wanabishana kwa taarifa ambazo sio. Mimi nasema walipatia, tena sana, lakini sababu zangu sio zile ninazosikia kila siku.

"Waliacha kwa sababu rivolva imepitwa na wakati." Hapana jamani. Ni kweli polisi wa Marekani walianza kuhama miaka ya 1980 na 1990 wakaenda kwenye bastola za magazini kama Glock, na soko likapungua. Lakini Smith & Wesson hawakuacha rivolva hata siku moja, Ruger nao hivyo hivyo, na wote hao ni washindani wa Colt, sasa kama soko lingekua limekufa si wote wangefunga? Shida ya Colt ilikua nyumbani kwao. Mwaka 1986 wafanyakazi wa viwanda vyao kule Connecticut waliingia kwenye mgomo ukaenda mpaka 1990, miaka minne, na katikati hapo, 1988, kandarasi ya kutengeneza bunduki za M16 za jeshi ikachukuliwa na FN, kampuni ya Wabelgiji. 1992 wakaomba kinga ya mufilisi. Yaani kampuni iko hoi halafu bidhaa yake nzuri kuliko zote, rivolva ya Python, ndio inayokula gharama kuliko zote, unategemea nini? 1999 wakatangaza kuachana na bastola nyingi za kiraia, Python ikabaki kutengenezwa kwa oda miaka michache tu baada ya hapo kisha basi. Iliyoendelea ni Single Action Army, ile rivolva ya makauboi ya 1873, kwahiyo hata hii kauli kwamba waliacha rivolva zote sio sahihi.

"Warudishe Python ile ile ya zamani, wasiguse kitu." Hii ndio inaniuma zaidi manake inasemwa na watu wanaoipenda kweli, na mimi nawaelewa, lakini ngoja niwaonyeshe ndani kukoje. Python ilitoka 1955, inapiga risasi za .357 Magnum, silinda ina matundu sita na nyuma yake kuna meno. Ukivuta triga kuna kidole kidogo cha chuma kinapanda, kinasukuma jino moja, silinda inazunguka kuelekea kulia (Smith & Wesson inazunguka kushoto), halafu komeo linachomoza toka chini linaingia kwenye kijishimo cha silinda na kuikamata ili tundu likae sawasawa na mtutu. Kwenye Colt za zamani kile kidole hakiachii, kinaendelea kulibana jino wakati nyundo inagonga, ndo maana silinda inatulia kama imechomelewa, huisikii ikicheza hata kidogo. Utamu wake wote upo hapo na ugonjwa wake nao upo hapo hapo. Chuma kinachobanana na chuma kila ukivuta triga lazima kilike, na kidole kikishalika kidogo tu silinda inachelewa kufika mahali pake, na dawa yake sio kununua spea ukapachika, ni kumtafuta fundi anayejua kukirefusha kile kidole kwa kukigongagonga kisha akipige tupa taratibu, apime, atoe tena, apime tena. Kila bastola kwa mkono, moja moja. Mimi nimeshapachika vyuma kwa mtindo huo, ukikosea mara moja umeua kipande, na fundi wa namna hiyo humpati kwa kutangaza nafasi ya kazi leo akaanza kesho, anachukua miaka kumtengeneza. Mafundi wale wakishastaafu au wakaondoka, bastola inaondoka nao.

Kwahiyo anayetaka irudi bila kuguswa anataka irudi pamoja na kilichoiua.

Colt walirudi kwa akili. Walianza na Cobra 2017, ndogo, risasi sita za .38 Special, kisha King Cobra 2019, halafu Python yenyewe ikatangazwa Januari 2020 na Anaconda ya .44 Magnum 2021. Kwenye Python mpya wenyewe walisema wamepunguza vipande 14 vya ndani, na fremu wakaiongezea nyama pale juu chini ya shabaha ya nyuma ambapo ya zamani ilikua nyembamba. Vipande vinatoka kwenye mashine za kompyuta vikiwa karibu sawa vyote, kazi ya tupa inabaki ndogo. Za mwanzo mwanzo kuna walionunua wakalalamika silinda inagoma kuzunguka, hilo lilitokea na halipaswi kufichwa, ila kusema kwa sababu hiyo kwamba ni feki sio haki.

"Kampuni ikirudia kitu cha zamani ujue imeishiwa." Historia ya Colt yenyewe inakataa. Kiwanda cha kwanza cha Samuel Colt, cha Paterson, New Jersey, kilifungwa 1842, jamaa akakaa bila kiwanda, akaja kurudi 1847 kwa oda ya jeshi ya rivolva 1,000, zile zinazoitwa Walker, na hana hata pa kuzitengenezea ikabidi zifanyiwe kwenye kiwanda cha Eli Whitney mdogo. Single Action Army nayo waliisimamisha miaka ya vita vikuu vya pili, wakairudisha 1956 kwa sababu watu walikua wanaangalia kauboi kwenye televisheni wanazitaka. Walirudi mara mbili na mara zote mbili ikalipa.

"Ni Wacheki wa CZ ndio waliofufua rivolva za Colt." Tarehe zinakataa, CZ, kampuni ya silaha ya Ucheki, waliinunua Colt 2021, Python ilikua sokoni tayari.

Zipo na dhana ndogo ndogo. Samuel Colt hakuwa wa kwanza kutengeneza bastola ya silinda inayozunguka, Elisha Collier alikua na hati yake ya uvumbuzi Uingereza 1818, Colt alichofanya kwenye hati yake ya 1836 ni kuifanya silinda izunguke na kujifunga yenyewe mtu akivuta nyundo. Na ile ya kwenye muvi, mtu anafunga kiziba sauti kwenye rivolva inalia "fyu", haiwezekani, kati ya silinda na mtutu kuna upenyo na moshi wenye kelele unatokea pale pale, isipokua chache kama Nagant ya Kirusi ya 1895 ambayo silinda yake inasogea mbele kuziba.

Sasa hivi wapo wanaodai Detective Special, rivolva ndogo ya Colt ya 1927, nayo irudi. Cobra ni ile ile kwa kazi, ndogo na risasi sita. Kama wanataka jina na umbo, sawa wapewe, ila ule mfumo wa zamani wa kidole wauache makumbusho.