Malaria haibaki uwanja wa ndege

Mjomba wangu ni mtu wa Makete, wa jaketi na moto wa jikoni. Safari yake ya kwanza kufuata mzigo Guangzhou, alilala siku tatu kwenye gesti moja Kariakoo, Dar: feni inazunguka, neti imefungwa fundo juu ya kitanda. Siku ya tisa, akiwa China, akaanza kutetemeka. Akanunua dawa za mafua. "Baridi ya kiyoyozi hii," alituambia kwenye simu.

Ndiyo dhana ninayoisikia sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kila mtu akifunga begi: malaria ni ya huku, ukipanda ndege umeiacha. Kumbe vimelea hujificha kwanza kwenye ini. Malaria kali mara nyingi hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu, na pengine hupitiliza. Mbu wa Dar anakuuma leo, homa unaipatia ng'ambo. Tena mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa haina malaria, kwa hiyo daktari wa huko anaweza asiifikirie kabisa usipomtajia. Mjomba aliokolewa na Mtanzania mwenzake aliyemfundisha la kusema mapokezi: natoka Tanzania, nipimeni malaria.

"Lakini sisi Waafrika damu yetu imezoea." Damu ya nani? Kinga hiyo hujengwa kwa kuumwa na kuugua mara nyingi tangu utotoni, haihusiani na rangi. Mtu wa Kyela, kule chini ziwani kwenye joto, anaweza kuwa nayo kiasi. Sisi wa Makete, Njombe na milima ya Umalila, ambako baridi hupunguza mbu na kuchelewesha vimelea kukua ndani yao, hatujapishana sana na mtalii wa Norway. Na huyo wa Kyela naye akikaa Ulaya miaka kadhaa, kinga yake hufifia. Akija likizo anadharau neti, halafu anashangaa amelazwa.

Wengine humeza dawa ya malaria ya mseto kabla ya kuondoka, eti wajikinge. Mseto ni wa kutibu. Za kukinga zipo, kwa mfano doksisaiklini, ambayo humezwa kila siku na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka kwenye eneo la malaria. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi hiyo, kwa hiyo mwone daktari mapema.

Kwa madereva wa Tunduma wanaopandisha malori hadi Lubumbashi, dhana kubwa ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano: karatasi ya kumwonyesha askari, inanunuliwa tu. Kongo inaidai kwa kila anayeingia, ni kweli, ila karatasi haimzuii mbu. Homa ya manjano haina dawa ya kuua kirusi chake. Hospitali wanausaidia mwili upambane, basi. Kadi halali huanza kazi siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa leo ukavuka kesho haisaidii. Na ukiambiwa kadi yako imeisha kwa kuwa imepita miaka 10, kataa: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, hata kwa kadi za zamani.

Kuhusu tumbo, Flagyl kwenye begi si tiba ya kila kuhara. Bakteria wengi wanaowaharisha wasafiri haiwagusi. Beba ORS, unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Ukikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukiona damu au homa, nenda hospitali.

Mama zetu nao safarini hujinyima maji na kukaa bila kuinuka wasisumbue watu kwenda chooni. Kukaa zaidi ya saa 4 bila kujinyoosha huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, iwe kwenye ndege au basi la Mbeya–Dar lenye kilomita zaidi ya 800. Chezesha vifundo, simama, tembea.

Mjomba siku hizi anaomba kiti cha kando ya njia. Na kwenye begi la mkononi ana neti yake mwenyewe, ya Kariakoo.