Je, ngwini anayenyonyoka manyoya ni mgonjwa?

Ukifika Boulders, ufuo wa Simon's Town karibu na Cape Town, kati ya Novemba na Januari, utamkuta ngwini (au pengwini) amesimama kando ya mwamba, manyoya yanamtoka mafungu mafungu kama godoro la sufi lililochanika. Mawimbi yako hatua chache tu, lakini haingii majini. Wengi huamua papo hapo kwamba anaumwa, wakataka kumsukumia baharini apate nafuu. Huko si kumsaidia, ni kumtia hatarini.

Haumwi. Anabadili manyoya.

Kuku huangusha unyoya mmoja mmoja huku akiendelea kuchakura. Ngwini hana nafasi hiyo. Sardini na anchovi anaowala wako kwenye maji baridi, na kinga yake ni manyoya mafupi yaliyobanana, yenye hewa kavu chini yake. Mfikirie kama jahazi: mshono mmoja ukiachia, maji yanaingia. Ndiyo maana fundi hulipandisha pwani, akalitia kalafati mishono yote, ndipo likashushwa. Ngwini naye hupanda nchi kavu akabadili yote kwa mkupuo, takriban wiki 3. Unyoya mpya huota ukiusukuma wa zamani, na wa zamani hung'ang'ania kwenye ncha yake. Kwa hiyo mwanzoni huonekana amevimba, kisha yale makuukuu ya kahawia ndiyo hupukutika.

Muda wote huo hali kitu. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea baharini wiki kadhaa kabla, na akimaliza amepoteza karibu nusu ya uzito. Kila anapomkimbia mtu, akiba inaungua. Akitumbukia majini, maji hupenya hadi ngozini na mafuta yaliyobaki huishia kumpasha joto.

Miezi si ile ile kila mahali: Namibia, wengi wa aina hiyo hiyo hunyonyoka Aprili na Mei. Tangu Oktoba 2024 ngwini wote wa aina hii, ngwini wa Afrika, wamo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, jozi zinazozaa hazifiki 10,000.

Anayenyonyoka husimama wima, macho wazi, manyoya yametapakaa miguuni. Ukiona doa jeusi la mafuta kwenye kifua cheupe, au damu, mwite askari wa hifadhi. Usimshike, mdomo wake hukata. Usitoke kwenye njia ya mbao. Na kabla ya kuwasha gari, inama uchungulie uvunguni: hupenda kivuli.