Ukweli hauko katikati eti kwa sababu pande ni mbili

Nimeisikia tena wiki hii, na kutoka kwa mhariri aliyekomaa katika kazi: "Aristotle mwenyewe alisema wema uko katikati, kwa hiyo mwandishi mwadilifu hukaa katikati ya pande mbili." Mwanafalsafa huyo wa Ugiriki ya kale hakusema hivyo. Gazeti linaloendeshwa kwa imani hiyo huumiza watu huku likijiona safi, ndiyo maana naandika.

Katikati anayoizungumzia Aristotle ipo ndani ya mtendaji, kati ya kupungukiwa na kupita kiasi. Ushujaa uko kati ya woga na kujitosa ovyo. Hapo hasemi kwamba watu wawili wakibishana, ukweli umelala kwenye nusu ya njia. Tena aliona upotoshaji huu unakuja, akauwekea mfano. Ikiwa mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) ni nyingi mno na 2 ni kidogo mno, mkufunzi wa mieleka haagizi 6 kwa kila mtu. Kwa Milo, yule bingwa wa mieleka, 6 ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi, ni nyingi. Kisha akaongeza jambo ambalo wasemao hivyo hawalinukuu: yapo matendo yasiyo na kiasi chake cha haki. Wizi, uzinzi na uuaji ndiyo mifano yake. Kwenye chumba cha habari, mfano wangu ni nukuu ya kubuni. Hakuna kiasi cha wastani cha kubuni nukuu.

Chukua Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa akitoa kijijini Samunge kikombe cha dawa aliyodai inatibu magonjwa sugu, UKIMWI ukiwemo, kwa shilingi 500, na foleni ya magari ikaenda kilomita kwa kilomita. Stori ya kubalansi kwa tukio kama lile inajulikana: shuhuda anayesema amepona, daktari anayesema ana mashaka, picha ya foleni, basi. Mizania imetimia. Lakini msomaji wa stori hiyo ni mgonjwa anayetafakari kama atoke wodini apande gari, na hajapewa chochote cha kumsaidia kuamua.

Mwandishi mwenye tabia ya ukweli angembana yule shuhuda. Ulipimwa wapi kabla ya kunywa? Lini? Kipimo gani? Umepimwa tena? Kusikia nafuu ni jambo moja, majibu ya maabara ni jingine. Angeandika kwamba mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU akiziacha, virusi huanza kuongezeka tena, mara nyingi ndani ya wiki chache. Angeeleza barabara ikoje, foleni inachukua siku ngapi, huduma ya afya iliyo karibu iko wapi, kwa sababu wapo waliofia kwenye foleni ile. Hayo yote hayana "upande". Na mwandishi huyohuyo asingemkejeli mzee. Angeandika wazi kwamba bei ilikuwa shilingi 500, jambo ambalo halifanani na mtu aliyekuja kukamua wagonjwa. Mkali kwa madai, mwenye heshima kwa mtu: huwezi kuupata mchanganyiko huo kwa kugawa aya nusu kwa nusu.

Sasa nije kwenye ile sentensi: "Alipotafutwa kwa njia ya simu, iliita bila kupokelewa." Pamoja na dada yake: "Jitihada za kumpata ziligonga mwamba."

Stori ya tuhuma imepikwa wiki mbili. Mtuhumiwa anapigiwa mara moja, saa 12 jioni, kurasa zikifungwa saa 2 usiku. Simu inaita, haipokelewi, sentensi inaandikwa. Kila neno lake ni kweli. Kanuni imetimizwa, mwanasheria ameridhika. Na mtu amedhulumiwa, kwa sababu aliyepiga alikuwa akiomba Mungu isipokelewe.

Haki kwa mtuhumiwa ina umbo linaloonekana. Unaandika tuhuma moja moja: tarehe, kiasi cha fedha, jina la nyaraka uliyo nayo. Unazituma kwa maandishi, kwa namba na anwani ambayo una hakika anaitumia, ukitaja saa ya mwisho ya kujibu. Kwa jambo lisilo la dharura sishuki chini ya saa 24. Kama kuna mahesabu ya miaka kadhaa ya kupitia, siku tatu au zaidi. Unapiga zaidi ya mara moja, na unaandika muda wa kila simu. Akijibu, jibu la tuhuma kuu linakaa jirani na tuhuma yenyewe, ndani ya aya nne za mwanzo. Ukiliweka aya ya mwisho, umeliweka mahali panapokatwa kwanza nafasi ikibana.

Kuna kupita kiasi pia. Anayeomba wiki mbili kujibu swali la ndiyo au hapana anavuta muda, na mhariri anayemsubiri anaogopa simu ya mwenye gazeti, hata kama anauita woga huo uangalifu. Kama kumpa taarifa mapema kutafanya nyaraka zichomwe, zikamate na uzihifadhi kwanza, kisha uliza. Kama kuna mtoto anayedhurika leo, saa mbili zinaweza kutosha. Hakuna kanuni itakayoorodhesha hali zote hizi. Uwezo wa kuona ipi ni ipi ndiyo busara ya utendaji ambayo Aristotle aliifanya mhimili wa fadhila zote za tabia.

Huruma nayo hailengwi kwa rula. Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi iliposhambuliwa, New York Times lilichapisha picha ya miili ya waliouawa wakiwa wameinamia meza za mgahawa. Wakenya waliwaka, Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likataka picha iondolewe, gazeti likakataa kwa hoja kwamba wasomaji wanapaswa kuona ukatili ulivyo. Hoja hiyo siidharau. Yapo maovu ambayo bila picha yangekanushwa hadi leo. Kinachonikera ni suluhisho la "katikati" linalotolewa kila mara: ziba nyuso. Ndugu hamtambui mtu wake kwa uso peke yake. Anamtambua kwa shati alilovaa asubuhi, kwa saa ya mkononi. Swali la mwenye huruma lilikuwa la wakati: je, familia zimeshajua? Saa chache baada ya shambulio, jibu halikuwa gumu.

Nina mashaka mawili kuhusu njia hii ya kutegemea tabia ya mtu, na vitabu vya kiada huyapita haraka.

La kwanza linatokana na jaribio la wanasaikolojia wa Marekani, Darley na Batson, 1973. Waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton, wakawatuma kwenye jengo jingine kutoa hotuba, na njiani wakamweka mtu anayeonekana mgonjwa. Kati ya wasioharakishwa, asilimia 63 walisaidia. Kati ya walioharakishwa sana, asilimia 10. Kama haraka pekee inafanya hivyo kwa watu wanaosomea uchungaji, kuna maana gani kumhubiria tabia njema ripota mwenye stori nne kwa siku? Sina jibu linaloniridhisha. Nilicho nacho ni hatua: kikao cha asubuhi kisipange stori ya tuhuma kwa toleo la leo kama maswali hayajatumwa jana. Hapo ratiba inabeba sehemu ya mzigo tulioutwika moyo wa mtu. Bahasha, yaani pesa anayopewa mwandishi na anaowaandika, ni vivyo hivyo. Mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa stori, na asiyepewa nauli na gazeti lake, tunamdai uadilifu ambao wahariri wenye mshahara hawajawahi kujaribiwa nao. Aristotle alikiri kwamba matendo mema yanahitaji nyenzo.

La pili ni la mduara. Tunaambiwa tujifunze kwa kumtazama mwenye busara, na busara hujengwa kwa kutenda. Kama mhariri mkuu ni mwoga, vijana watajifunza woga kwa bidii ileile, na watauita weledi. Ndiyo maana sitaki kanuni za maadili zitupwe: mlalamikaji anayekwenda kwenye baraza la habari anahitaji kifungu cha kushika, maana tabia ya mtu haishtakiki. Lakini ndani ya chumba cha habari ninaomba jambo dogo. Mhariri anapofuta aya au kuzuia stori, aandike pembeni sababu ya kweli, mistari miwili inatosha, na rasimu irudi kwa aliyeiandika kabla gazeti halijachapwa. Kama sababu ni kampuni kubwa inayolipia matangazo gazetini, iandikwe hivyo.