Makro na flashi: yasemwayo na yalivyo

Lenzi kuandikwa "macro" ubavuni hakuifanyi kuwa ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Tazama uwiano, yaani ukubwa wa taswira kwenye sensa (kipande kinachonasa picha ndani ya kamera) ukilinganishwa na ukubwa halisi. Kwenye 1:1, siafu wa milimita 10 anachukua milimita 10 za sensa. Zum nyingi zenye neno hilo huishia 1:4 au hapo karibu, na siafu yuleyule anabaki milimita mbili na nusu.

Wapo wanaoamini kwamba lenzi fupi ina kina kikubwa zaidi cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma linaloonekana wazi. Kwa uwiano uleule na tundu lilelile (uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga), kina hakitofautiani sana, urefu wa fokasi uwe milimita 60 au 100. Unachonunua kwenye lenzi ndefu ni nafasi kati yako na mdudu, na hapo pana mtego: umbali wa chini unaotajwa kwenye maelezo hupimwa kuanzia kwenye sensa, si kwenye kioo cha mbele. Lenzi ya milimita 100 inayosema sentimita 30 hukuachia kama 14 tu. Ya 60 hukuachia chini ya 10; panzi ameshakuona na kivuli cha lenzi kimeshamfunika.

"Basi bana tundu hadi f/22, kila kitu kitaonekana." Thubutu! Namba ya f ikikua, tundu husinyaa. Kwenye 1:1, f/16 hufanya kazi kama f/32: mwanga umepungua stopu mbili, yaani umebaki robo, tena ukipenya kitundu hicho hujipinda na kulainisha picha nzima, hata pale ulipolenga. Na kwa faida gani? Kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, f/8 ina kina cha milimita moja hivi, f/16 mbili. Mimi hukomea f/11, kisha nazungusha kamera hadi ubavu wa mdudu uwe sambamba na sensa.

Dhana inayoharibu picha nyingi zaidi ni kwamba mwanga wa flashi ni mkali kwa asili. Ukali hutokana na udogo wa chanzo mbele ya kinachopigwa. Mmulike mbawakawa kwa flashi tupu kutoka mita moja: mgongoni doa jeupe lililoungua, chini kivuli kama kimekatwa kwa wembe. Sasa kata ubavu wa dumu jeupe la plastiki, uupinde juu ya ncha ya lenzi, flashi imulike kupitia humo, sentimita tano kutoka alipo. Doa limetanda, vinyweleo vya miguu vinahesabika. Flashi ni ileile.

Tena ni flashi inayogandisha mtikisiko, si shata (pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa). Mradi mwanga wa mazingira haufui dafu, shata ya 1/200 ya sekunde yatosha. Kwa 1/32 ya nguvu yote ya flashi, mweko wenyewe hudumu karibu 1/10,000 ya sekunde au pungufu.

Flashi ya duara, inayozunguka ncha ya lenzi, si lazima. Lester Dine aliibuni mwaka 1952 kwa picha za meno, na kinywani inafaa kweli. Kwa mbawakawa hufuta vivuli vyote na kumwachia pete mgongoni.

Na mandhari meusi si ushahidi kwamba picha ilipigwa usiku. Mwanga wa flashi umeishia njiani. Ukitaka kijani, shikilia jani sentimita chache nyuma ya mdudu.