Je, ni salama zaidi kuzima masasisho ya usalama ya kiotomatiki?

Watumiaji wengi wa kompyuta na simu huamini kwamba ni salama zaidi kuzima masasisho ya kiotomatiki na kusubiri wengine wayajaribu kwanza. Kwa masasisho yanayoleta mwonekano mpya, subira hiyo haina madhara makubwa. Kwa masasisho ya usalama, ni hatari. Kiraka, yaani sasisho linaloziba udhaifu wa programu, kinapotolewa, wadukuzi nao hukipata, na kwa kulinganisha programu ya zamani na mpya hutambua mahali palipozibwa, kisha huwashambulia wale ambao bado hawajasasisha. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu mmoja wa Windows tarehe 14 Machi 2017. Kirusi cha WannaCry, kilichotumia udhaifu huohuo, kilianza kuenea tarehe 12 Mei na kuvuruga hata hospitali za Uingereza. Kwa karibu miezi miwili kinga ilikuwapo, bila malipo, na mashine nyingi hazikuwa nayo.

Hofu ya sasisho bovu ina msingi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Hata hivyo, tukio hilo linawahusu zaidi wasimamizi wa mifumo mikubwa, ambao wanapaswa kusambaza masasisho kwa awamu, wakianza na mashine chache, na kukamilisha kazi ndani ya siku, si miezi. Mtu binafsi hana mashine za majaribio. Yeye aache usakinishaji ujiendeshe, achague saa ya kuwasha upya kifaa chake, na ahifadhi nakala za mafaili yake mahali pengine.