Wenye msiba na wenye pesa: kura ya bangi California, 1996

Kila mwaka nikifika kwenye Proposisheni 215, sheria iliyopigiwa kura na wananchi wa California kuwaruhusu wagonjwa kutumia bangi, mwanafunzi mmoja lazima aulize: "Mwalimu, hawa walioileta si walikuwa wavuta bangi tu waliotafuta pa kujifichia?" Huwa simjibu. Nampa maandishi ya sheria yenyewe, ukurasa na kidogo, namwambia anionyeshe wapi daktari ameruhusiwa kumwandikia mgonjwa bangi. Anatafuta weee. Hakuna.

Kilichopo ni kwamba daktari "amependekeza au amekubali", kwa maandishi au kwa mdomo. Kwa sheria ya Marekani nzima, bangi ilikuwa Kundi la Kwanza, la dawa zisizokubalika kwa matibabu, pamoja na heroini, na daktari anayemwandikia mgonjwa kitu cha kundi hilo anajihatarishia kibali chake cha kuandika hata mofini. Kupendekeza ni maneno tu baina ya watu wawili chumbani, na Katiba yao inalinda maneno. Mwisho wa mwaka 1996 wakubwa wa Washington waliwatishia madaktari hadharani. Madaktari wakaenda mahakamani, mmoja wao Marcus Conant aliyetibu wagonjwa wa UKIMWI San Francisco, na mwaka 2002 mahakama ya rufani ikawapa haki. Majirani zao wa Arizona walipiga kura siku ileile ya Novemba 5, 1996, wakashinda kwa asilimia kubwa kuliko California, ila wao waliandika kwamba daktari "ataandika" dawa. Kwa upande wa bangi, sheria yao ikabaki karatasi.

Sasa, nani alikuwa na akili ya kuchagua neno "amependekeza"? Hapo ndipo pananipendeza, kwa sababu hawakuwa kundi moja na wala hawakupendana.

Wa kwanza ni Dennis Peron, askari wa zamani wa Vietnam aliyekuwa akiuza bangi mtaa wa Castro, San Francisco, bila kujificha sana. Usiku mmoja wa Januari 1990 polisi walivamia nyumba yake wakakuta wakia nne hivi, kama gramu 110. Mwenzi wake, Jonathan West, alikuwa anaumwa UKIMWI. Siku ya kesi West alipanda kizimbani akiwa amekwisha, akasema bangi ile ni yake, anaitumia ili aweze kula. Kesi ikafutwa. West akafariki mwaka huohuo.

Mimi nimekulia Bukoba miaka hiyohiyo. Sihitaji kuelezwa mtu aliyeshindwa kushusha hata uji anavyoonekana. Nikisoma habari za Castro ya 1990 naona mabaraza ya kwetu, vitanda vimetolewa nje ili mgonjwa apate hewa.

Mwaka 1991 Peron alipeleka hoja kwa wapiga kura wa San Francisco, wakaikubali kwa karibu asilimia 80. Haikuwa na nguvu ya sheria, ilikuwa kauli ya jiji tu. Kisha akafungua klabu ya wagonjwa kununulia bangi, ambayo baadaye ilihamia jengo la ghorofa Market Street, ikawa na maelfu ya wanachama.

Pembeni yake alikuwepo Mary Jane Rathbun, mhudumu wa mkahawa aliyestaafu, ambaye watu walimwita Brownie Mary. Mwaka 1981 polisi walimkuta nyumbani na brownie, yaani keki za chokoleti, zenye bangi, dazeni 54. Hakimu akampa saa 500 za kazi za kijamii, na kazi hizo zikamfikisha kwa wagonjwa. Saa zikaisha, yeye akabaki. Akawa anajitolea wodi ya UKIMWI katika hospitali kuu ya San Francisco, anawaokea vijana ambao familia zao zimewakimbia, anawaita wanangu. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika binti yake wa pekee kwa ajali ya gari. Sijui kama kuna serikali iliyowahi kutoa adhabu iliyoigharimu kiasi hicho.

Upande wa maandishi kulikuwa na Dale Gieringer, Valerie Corral wa Santa Cruz aliyekuwa na kifafa baada ya ajali ya gari, Scott Imler, na daktari wa akili Tod Mikuriya. Huyo wa mwisho ndiye anayetajwa sana kuwa alishikilia kwamba baada ya kutaja saratani, UKIMWI, glakoma na mengineyo, sheria iongeze "au ugonjwa mwingine wowote" ambao bangi inauletea nafuu. Maneno machache tu, lakini mlango wote uko hapo. Walioogopa sheria ile waliogopa kifungu hicho, na kusema kweli hawakukosea.

Lakini sheria nzuri mezani haina saini. Bunge la jimbo lilikuwa limepitisha miswada miwili ya bangi kwa wagonjwa, 1994 na 1995, na gavana Pete Wilson akaikataa yote. Ikabaki njia ya wananchi wenyewe: saini halali 433,269 ndani ya siku 150. Wakenya wanaokumbuka BBI, ule mpango wa kubadili katiba, na saini zake milioni moja wanajua kazi hiyo haifanywi kwa mapenzi matupu. Watu wa Peron walikusanya kwa kujitolea, na ilipofika Januari 1996 ilionekana wazi hawafiki.

Ndipo wakaingia wenye pesa. George Soros na Peter Lewis, tajiri wa bima kutoka Ohio, kila mmoja alitoa takribani nusu milioni ya dola. John Sperling, mwenye Chuo Kikuu cha Phoenix, akaongeza fungu lake. Wakamwajiri Bill Zimmerman, fundi wa kampeni kutoka Santa Monica, na vijana wa kulipwa kwa kila saini wakasambazwa jimbo zima.

Zimmerman alikuwa na sharti moja, Peron asionekane. Kwenye televisheni akaweka watu kama Anna Boyce, muuguzi aliyemuuguza mumewe mwenye saratani. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Dan Lungren, akafanya kinyume chake: Agosti 4 alivamia klabu ya Market Street, akataka kura ile iwe juu ya Peron na moshi wake. Wapiga kura wakamsikiliza muuguzi. Asilimia 55.6 wakasema ndiyo.

Mara baada ya ushindi, Peron akawaambia waandishi wa habari kwamba kwa maoni yake kila anayevuta bangi anajitibu. Watu wa Zimmerman walishika vichwa. Imler naye hakumsamehe kirahisi, maana alitaka wagonjwa tu, kwa daftari na vyeti.

Nilidhani Peron angeshangilia mwaka 2016, California ilipopiga kura kuruhusu bangi kwa kila mtu mzima. Aliipinga. Kwake yeye hakukuwa na bangi ya starehe, na hakutaka iwe ya makampuni. Ikapita kwa asilimia 57. Maduka yenye leseni yakaanza kuuza Januari 1, 2018, na Peron akafariki tarehe 27 ya mwezi huohuo, hospitali ya wanajeshi wa zamani, San Francisco.