Kabla ya dawa, kipimo: ninavyowafundisha vijana utafiti wa maumivu

Kila ninapopokea vijana wapya wanaotaka kufanya utafiti wa maumivu, baadhi madaktari, baadhi watu wa maabara, hamu yao ni kuanza na dawa. Nani anatengeneza nini, inazuia protini gani, itafika lini. Mimi nawaanzisha na kipimo. Mtu asiyejua alichopima hana cha kumpelekea mgonjwa, na fani yetu imelipia somo hilo kwa gharama kubwa.

Chukua kisa cha kemikali ya mwilini iitwayo substansi P. Iligunduliwa mwaka 1931, na baadaye ikaonekana kuwa mjumbe mkuu wa maumivu kutoka kwenye neva kuingia uti wa mgongo. Miaka ya 1990 dawa za kuzuia kipokezi chake, yaani protini inayoipokea kwenye neva, iitwayo NK1, zikajaribiwa. Kwa wanyama wa maabara zilituliza. Kwa watu hazikutuliza. Mojawapo, aprepitant, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tibakemikali. Kwa kazi hiyo inasaidia kweli. Mwenye maumivu alibaki alipokuwa.

Ili vijana waone tatizo lilipo, tunakwenda maabara. Panya amewekwa juu ya wavu wa waya. Kutokea chini, mtu anagusisha uzi mgumu wa plastiki kwenye wayo wake, anausukuma taratibu mpaka upinde. Panya akivuta mguu, inaandikwa. Asipovuta, unachukuliwa uzi mnene zaidi. Mwisho unapata namba safi, na grafu unaweza kuichora jioni hiyo hiyo. Kwa miaka mingi dawa nyingi za maumivu zimepimwa hivyo.

Kisha tunarudi kliniki. Hivi karibuni kijana mmoja wa maabara aliketi na mama mwenye kisukari cha siku nyingi, ambaye neva za miguu zimeharibika. Akamwamkia, kisha akauliza kama fomu inavyotaka: kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi, mama?

"Namba sijui, mwanangu. Usiku shuka likinigusa miguu siwezi kuvumilia. Na hata nikikaa tu hivi, nyayo zinawaka moto."

Nilimwambia aandike maneno hayo kama yalivyotamkwa. Lile la shuka linafanana na uzi wa plastiki: mguso mdogo usiopaswa kuuma, unauma. Lile la nyayo kuwaka, uzi haulipimi kabisa. Hakuna aliyemgusa, na bado anaungua. Dawa inaweza kumfanya panya asivute mguu, na mama huyu asipate nafuu yoyote katika kile kinachomkosesha usingizi.

Zipo njia za kumkaribia panya zaidi. Mwaka 2010 timu ya Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, ilionyesha kwamba maumivu yanasomeka usoni mwa panya: macho yanafumba, masikio na masharubu yanabadilika. Njia nyingine ni kumwachia mnyama achague mwenyewe chumba alichopatia nafuu. Ni kazi ndefu, inachosha, na namba zake hazinyooki upesi. Kijana aliyemsikia mama yule haulizi tena kwa nini ajisumbue.

Timu hiyo hiyo mwaka 2014 iliripoti jambo ambalo kila daktari anayedharau maabara alisikie. Mtafiti mwanamume akiwa chumbani, au hata fulana tu aliyoivaa mwanamume, panya huonyesha maumivu kidogo kuliko kawaida, kwa sababu harufu ile inawatia msongo. Ndiyo maana nadai daftari liandike nani alikuwepo, saa ngapi, na panya walikuwa wa jinsia gani.

Pale swali lilipotoka kwa watu, safari imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya familia tatu za Pakistan ambazo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kusikia maumivu maishani. Mmoja alikuwa akifanya maonyesho mtaani, akijichoma visu mkononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki akiwa bado mtoto, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Kasoro ilikuwa kwenye mlango mmoja wa sodiamu wa neva, NaV1.7, yaani tundu linaloingiza sodiamu ili neva itume ishara ya maumivu. Dawa za kuziba NaV1.7 zimesuasua, lakini ndugu yake, NaV1.8, umeleta dawa iitwayo suzetrigine, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025 kwa maumivu ya ghafla. Dawa hiyo hiyo ilipojaribiwa kwa maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu karibu sawa na waliopewa dawa. Jedwali la jaribio hilo nawapa vijana walichambue wenyewe, bila maelezo yangu.

Kuwachanganya madaktari na watu wa maabara si wazo langu. Tangu 2016 kuna shule ya maumivu huko Montebello, Quebec, inayowaweka vijana wa maabara na wa kliniki pamoja. Ninachokitaka hapa kwetu ni muda: daktari aliye mafunzoni apewe siku yake ya utafiti isiyoguswa na zamu za usiku, na mwenzake wa maabara awe na siku ya kliniki iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa hisani ya daktari wa zamu.

Swali la kuanzia tunalo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na sikoseli. Tunajua kutibu maumivu yanayowaleta hospitali usiku, kwa maji, oksijeni inapohitajika na mofini. Wengine wanaumwa hata siku ambazo hawaji, kidogo kidogo, shuleni na kazini, na hayo hayamo kwenye mafaili yetu. Kazi ya kwanza ya daktari na mwanasayansi wanaoanza nami ni kutengeneza daftari ambalo mgonjwa wa sikoseli atalijaza nyumbani, kwa Kiswahili chake, na kukubaliana naye ni kitu gani kiandikwe humo.